Kilichorudishwa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama,
nimevuta boksi la buti za marehemu baba
lililoshiba risiti hadi kifuniko kinagoma.
Nje, Duluth, theluji ya Machi imechoka kuwa nyeupe.
Kesho saa kumi na moja alfajiri nawasha basi la shule;
usiku huu ni mimi, kalamu, kahawa iliyopoa,
na serikali inayouliza kwa upole wa karani:
mwanao alisoma?
Ulitumia kiasi gani?

Alisoma. Britta, mwaka wa pili, elimu ya miamba.
Ada: andika. Chuo kimeleta karatasi yake,
tarakimu zimekaa visandukuni kama mayai.
Vitabu: andika, kama mwalimu ameviagiza.
Nyundo ya kupasulia mawe?
Nimesoma maelezo mara tatu, nikatafuta mtaala wake,
nyundo imo. Andika nyundo.
Chumba: hapana.
Chakula: hapana.
Nauli: hapana, hata iwe ya wapi.
Koti alilonunua baada ya zipu ya lile la zamani
kukata roho Januari: usithubutu.
Ndivyo sheria ilivyomgawa mwanangu:
kichwa itakisaidia, mwili niachiwe mimi.

Sinung'uniki. Elfu mbili na mia kadhaa za nafuu
ni tairi nne na jino moja la nyuma.

Halafu, chini kabisa, imekunjwa mara nne,
risiti isiyo ya kununua.
*Kemia ya Madini*, toleo la saba. Kimerudishwa.
Dola mia moja themanini na nne, taslimu.
Tarehe kumi na tisa Oktoba.

Baba alifariki tarehe kumi na nane.
Britta aliteremka kutoka Grand Forks, mabasi mawili,
usiku kucha, macho mekundu, maua yamesinyaa mkononi,
nami, kati ya jeneza na mabakuli ya viazi ya majirani,
sikuuliza nauli imetoka wapi.

Nimempigia. Saa nne usiku.
"Kile kitabu," nikasema.
Kimya. Kisha: "Maktaba wanacho kimoja, Mama.
Hawakuazimi zaidi ya saa mbili.
Nikakisoma saa mbili mbili."
"Ukapata ngapi?"
"B."
"Ungekuwa nacho ungepata A."
"Ningekuwa nacho nisingemzika Babu."

Fomu haina mstari wa hayo.
Inataka tu kilichorudishwa kitolewe.
Ningeweza kuisukuma ile karatasi mvunguni,
nani angeinama kama mimi?
Lakini baba alipima chuma bandarini miaka thelathini na moja,
meli kwa meli, na hakuongeza hata ratili
kumfurahisha mwenye mzigo.

Nimetoa mia moja themanini na nne.
Nimepiga hesabu upya: nafuu imepungua
dola arobaini na sita.
Arobaini na sita! Nimelitazama jumla hilo jipya
limesimama pale, jembamba kidogo,
kama mtu aliyevua koti mlangoni.

Nimetia sahihi. Marlys Haugen, mzazi, dereva.
Risiti nimeikunja tena mara nne,
mikunjo ileile ya Britta,
ila boksini sijairudisha.
Ipo mfukoni mwa sare, pamoja na funguo za basi.