Kidonge cha Uzi

Saa kumi na moja alfajiri, Łódź, barafu imeota kiooni,
nami nimepiga magoti bafuni
nikisoma choo cha paka
kama wengine wasomavyo gazeti.
Laini. Rangi ya haradali. Ute kidogo, damu hakuna.
Naandika katika daftari la kazini,
lile la kukagulia lifti:
nimefuta *kamba*, *breki*, *mlango*,
juu yake nimeandika
alikula, alitapika, alihara, alitembea.

Si paka wangu.
Ni wa dada yangu Bronka, aliyesokota pamba miaka thelathini na mmoja
na kurudi nyumbani na nyuzi kwenye nyusi.
Alimwita Kłębek, kidonge cha uzi,
kwa kuwa siku aliyomwokota alikuwa amejikunja
hata usijue pa kumwanzia.
Bronka alipokufa nililetewa kikapu, mfuko wa dawa
na karatasi ya mwandiko wake:
Asile samaki. Asinywe maziwa. Usimfokee, Zenon.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu yuko mwaka wa tatu,
na jembe ninalo mimi:
kijiko cha plastiki chenye matundu.

Basi kidonge hakitaki kumeza kidonge.
Nusu asubuhi, nusu jioni, nakata kwa wembe,
naficha ndani ya tonge la nyama ya sungura.
Nyama anakula. Dawa anaitema kando ya sahani,
kavu, safi,
kama karani anayerudisha chenji.
Jumatatu ni sindano. Daktari Mroczek alinifundisha:
vuta ngozi ya shingo, jenga hema,
ingia mlangoni mwa hema.
Mikono hii iliyokaza nyaya nene kama kidole
ilitetemeka mbele ya hema la manyoya.

Kisha miguu ya nyuma.
Nadhani yeye aliona vitu ndivyo vilivyopanda:
siku moja dirisha limepanda,
siku nyingine kiti,
halafu kitanda kikawa ghorofa.
Nami niliyepandisha nusu ya mji huu angani
naishi jengo lisilo na lifti.
Nikampangia ngazi ya vitabu vya simu,
majina ya watu waliokwisha kuhama au kufa,
na zulia juu yake asiteleze.
Alizipanda hadi Oktoba.
Ukingo wa sanduku lake la mchanga nimeukata kwa msumeno,
nikaukata tena.
Sasa ni sinia tu.

Kuna usiku hafiki hata kwenye sinia.
Namkuta koridoni, amekalia uchafu wake,
ananitazama kana kwamba ni mimi niliyefanya.
Maji ya vuguvugu. Kitambaa. Mapaja yaliyokonda.
Ananiuma, tena palepale pa jana.
Wako wasemao mnyama humjua mwema wake.
Huyu hajui,
au anajua na hana haja.

Bronka hakukubali nimwoshe.
Nilisimama nje ya bafu lake na taulo mkononi,
maji yakimwagika ndani, kisha kishindo, kisha sauti:
Nenda zako, Zenon.
Nikaenda.
Paka hana mlango wa kunifungia.

Bi Halszka wa chini aliniuliza ngazini, mpaka lini?
Kazini tulikuwa na hesabu:
kamba ya lifti hutazamwa uzi mmoja mmoja,
uliokatika unaandikwa,
zikifika sita unazima mtambo na kubandika karatasi.
Lakini huyu ana nyuzi ngapi?
Jana alikula vijiko vitatu. Leo viwili na nusu.
Ile nusu niliiandika kwa wino mzito.

Sasa anakuja, kiuno kikienda upande wake,
kutoka hita hadi mezani, hatua kumi na tisa, nimezihesabu.
Hapandi mapajani, hajawahi.
Analala juu ya ndara yangu,
na mguu wangu umo ndani.
Chai inapoa. Nakojolewa kidogo, nahisi joto lake.
Nitaifua baadaye.