Sauti Tatu za Zdislava

Walimlipa siku moja tu, mjini Brno,
studio ya chini ya ardhi, magodoro yamepigiliwa ukutani,
na kijana mmoja mwenye chunusi akamwambia:
"Mama, ruka. Lakini usiruke. Ruka kwa mdomo."

Akasema: Hop!
"Sasa umia." Akasema: Jejda!
"Sasa shinda." Akacheka kile kicheko cha Ostýnek,
kalunguyeye tarishi wa katuni ya Jumapili jioni,
aliyemwazima koo lake miaka kumi na mitatu.

Akapewa bahasha, akapanda tramu, akasahau.

Sisi hatukusahau. Blanka na mimi, kompyuta moja, kiti kimoja,
kila mtu na nusu ya tako lake hewani,
Ostýnek wa mraba-mraba, pua ya pikseli nne,
akiruka ndoo za maziwa kupeleka barua
kwa bundi asiyefungua mlango.
Mto ulikuwa na mawimbi mawili tu. Uliyarudia.
Hatua ya nne, daraja bovu: hapo tulikufa utoto mzima,
na bibi jikoni, akimenya vitunguu saumu,
alijisikia akianguka, Jejda, Jejda, Jejda,
hadi akapaza sauti: "Nyie, mtanimaliza!"

Kisha vivinjari vikakua, vikaona haya michezo ya zamani.
Pale palipokuwa na msitu pakabaki kisanduku cha kijivu.
Kisha daktari, na kisu, na tundu dogo shingoni
chini ya skafu ya maua.
Tangu hapo bibi ni chaki na kibao:
CHUMVI. FUNGA DIRISHA. BLANKA AMEPIGA?

Januari hii Blanka akanitumia faili kutoka Ostrava.
Kuna mtu, hatumjui, ameufufua mchezo,
ameuvisha ganda jipya ili kivinjari kikubali kuumeza.
Nikaweka kompyuta mezani, kando ya supu.
Nikamwonyesha kile kitufe kirefu.
Akakigusa kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la pasi.

Hop!

Akarudisha mkono. Akanitazama mimi, si skrini,
kana kwamba ni mimi niliyesema.
Akabonyeza tena. Hop. Hop. Palepale,
kalunguyeye haendi mbele wala nyuma,
barua mkononi,
na supu ikafanya utando.

Mshale wa kulia alijifunza siku ya pili.
Sasa anafika darajani bila msaada wangu,
na hapo, nimemchunguza, haruki.
Anamtembeza taratibu mpaka ukingoni, anamwachia.
Jejda!
Mabega yanamtikisika, kimya kabisa,
machozi anayafuta kwa pindo la skafu.

Nikamwuliza: mbona huvuki? Bundi anangoja,
na ng'ambo kuna kile kicheko chako.
Akachukua kibao. Akaandika, akafuta, akaandika:

KICHEKO NILILIPWA.
HII NILIJIGONGA KWENYE MAIKROFONI.
HII NI MIMI.