Kidato cha Kumi na Moja

Kijijini kwetu Vrletina, juu milimani Bosnia,
mnara wa msikiti ni wa mbao,
ngazi yake ina vidato ishirini na tisa.
Cha kumi na moja kimeoza. Hukiruka
kila alfajiri, bismillahi mdomoni, mkono ukutani.

Kipupwe kile theluji ilitufika kiunoni.
Lakini kila nilipokuja na koleo langu
nilikuta njia imekwisha kufunguliwa
toka barabarani hadi mlangoni,
nyembamba, imenyooka kama safu ya swala,
na majivu yamenyunyizwa, wazee wasiteleze.

Tulikuwa na ugomvi mwaka ule.
Haji Rasim alikuwa ametoa bati za paa jipya,
akataka jina lake lichongwe juu ya mlango.
Nazif naye akadai shamba la wakfu
ni la babu yake, mpaka wa mwisho.
Tuliswali bega kwa bega;
wakati wa kuvaa viatu
kila mtu aliufunga uzi wake na kinyongo chake.

Ijumaa moja imamu akauliza:
"Nani huyu anayetufungulia njia?
Ajitaje, tumwombee dua."
Kimya. Kuni zikapasuka jikoni.
Tukamgeukia Haji,
naye akatazama zulia
kana kwamba limeandikwa kitu.

Kisha Februari, asubuhi moja, njia haikuwepo.
Theluji tupu, nyeupe, bila unyayo, kama sanda.
Kumbe ni Zumra,
mjane afumaye soksi za sufu,
ambaye hata huko nyuma waketipo wanawake
hutafuta nyuma yake.
Tulimkuta kizingitini pake, nyonga imevunjika,
ndoo ya majivu bado mkononi.

Nazif alimshika mabegani, Haji Rasim miguuni,
wakampeleka garini polepole
kama wabebao maji yaliyojaa pomoni.
"Msinitaje," alisema. "Mtaniharibia."
Neno lingine hakusema.

Kesho yake nilipanda mnara,
nikachungulia kabla sijatia vidole masikioni.
Giza lilikuwa linapauka.
Njia haikuwa moja.
Moja ilitoka kwa Haji, imepinda-pinda,
njia ya mtu asiyejua kushika koleo;
moja kwa Nazif, imezunguka shamba la wakfu lote
ikaliacha salama;
moja ya kitoto, imekatika katikati,
mwenyewe nadhani ameitwa chai;
na nyingine, na nyingine, toka kila mlango,
hadi mlango ule mmoja
ambao juu yake, mpaka leo,
hapana jina la mtu.

Adhana ilichelewa. Mola anisamehe,
koo lilikuwa limejaa.

Jioni nikapanda tena.
Mguu ukaruka kwa mazoea,
nikasikia harufu ya msonobari uliorandwa.
Nikarudi chini kidogo, nikapapasa gizani:
kidato kipya, misumari minne, bado kina ubichi.

Sikuuliza ni nani.
Nilikikanyaga.