Mwenye Mali Hajulikani

Mwalimu Aikande aliifunga kompyuta kwa kanga
kama mtoto aliyelala, akaileta kutoka Mwika
mpaka kibandani kwangu, nyuma ya soko la Mbuyuni.
"Diski ya pili imekula vitu vyangu," akasema.
Hakukaa. Alisimama kama msimamizi wa mtihani.

Nikauliza wanachouliza mafundi:
nani aliigusa mara ya mwisho?
Mpwa wake, Godlisten, Jumapili baada ya ibada,
alipiga windo upya
kwa soda moja na sahani ya kiburu.

Nikafungua ubavu. Vumbi jekundu, buibui mmoja mfu.
Nikabadilisha waya wa data, nikatega sikio:
diski haigongi, haikwaruzi,
inazunguka taratibu kama mtu mwenye dhamiri safi.
Herufi D ipo. Vilivyofichwa nimeviamuru vijitokeze.
Folda ipo, imeandikwa MIGOMBA.
Uzito wake: sifuri.

Lakini diski yenyewe, ukiiuliza pembeni,
inakiri gigabaiti mia tatu themanini na moja zimekaliwa.
Hapo ndipo nilipovuta stuli.
Nyumba tupu haijai.
Aliye ndani kanyamaza tu.

"Kuna nini humo?"
"Mabibi," akajibu.
Miaka kumi na mmoja aliwafuata migombani na kinasa sauti,
wakimtajia: mchare, kitarasa, mlelembo,
upi wa pombe, upi wa mzazi,
upi usiukate ukiwa na hasira.
Kati ya kumi na wanne amebaki mmoja,
naye hasikii.

Nikabofya. Mashine ikajibu kwa adabu ya ofisi ya ardhi:
Huna ruhusa.
Nikamtafuta mwenye mali. Palipotakiwa jina
palikuwa na S, moja, tano, ishirini na moja,
kisha mkia wa tarakimu usio na uso.
Yule Aikande wa windo la zamani
alifutwa Jumapili ile,
na diski ya pili, isiyopewa taarifa ya msiba,
ilikuwa bado inamlindia mlango.

Nikamweleza hivyo. Akacheka, mara ya kwanza,
kicheko kikavu kama chaki.
"Kwa hiyo nimekufa, na siruhusiwi kujirithi."

Taa ikapepesa. Nikawaomba Tanesco dakika kumi.
Nikachukua umiliki, folda kwa folda.
Sifuri ikawa moja, ikawa arobaini, ikawa mia tatu.
Tukafungua faili moja bila kuchagua:
mvua juu ya jani la mgomba, kikohozi, jogoo,
halafu sauti: "Mwanangu, umeshaiwasha hiyo?"

Hakuna aliyesema kitu. Jirani alikuwa anachomelea geti.

Elfu ishirini, nikasema baadaye. Akahesabu noti,
kisha akainama kwenye kioo.
"Hapa pameandikwa Fundi."
Ni akaunti yangu ya kazi, mwalimu, haidhuru, zinafunguka.
Akavaa miwani.
"Baba aligawa kihamba kwa kaka zangu watatu,
kila mmoja na masale yake mpakani.
Mimi nilipewa kitenge.
Futa Fundi.
Andika Aikande Ndetaramo Mlay, herufi zote,
nikiwa nimesimama hapa hapa."