Sanduku la Maoni, Garashi

Sabaki ilipopungua, walituletea sanduku la bati,
tundu jembamba, kufuli la shaba.
"Semeni lolote," wakasema. "Tutasoma."

Nyevu hajui kuandika. Akamtuma mjukuu:
*Tuliomba mbegu kabla ya vuli. Mmeleta ndoo.
Ndoo saba, nyumba moja.
Shamba ni tope.*

Vuli ikapita.
Ufunguo, twaambiwa, uko Nairobi.

Jana nyigu wakafumka kwenye tundu,
mmoja akamdunga bwana wa ripoti shavuni.
Nyevu ndiye aliyemkanda,
kwa maji ya baridi, kwenye ndoo yao,
na huku akimkanda akamuuliza, taratibu,
kama mtu aulizaye bei ya chumvi:

"Baba, ile karatasi ya mwezi wa sita,
kidole changu kilikubali nini?"