Pua ya Jirani

Watu kumi na wanne nimewaua
ndani ya nyumba hii hii ya Mabela:
mmoja kwa kamba, wawili kwa sumu ya panya,
mwengine nilimsukuma kutoka ghorofa ya saba kule Ruwi
kisha nikaenda kunywa chai ya maziwa.
Sikuwahi kukosa usingizi.

Agosti. Saa kumi alfajiri,
joto limeamka kabla ya muadhini.
Madirisha yamefungwa wiki nzima, kiyoyozi kinakoroma,
na mafua ya siku tatu yameniziba pua
kama zege.
Ada yangu ni moja: kabla ya kalamu, ubani.
Chetezo cha marehemu mama, kilichomeguka ukingo,
kipande cha mkaa, punje tatu za hojari,
halafu kibiriti.

Nilikuwa jikoni, akili imo katika sura ya kumi na moja.
Mna nyumba humo inatakiwa ilipuke,
na miezi miwili sasa inakataa kulipuka.
Nimetia ngurumo, nimetia mbwa wanaobweka,
nimetia hata saa ya ukutani inayosita.
Hatari, nilidhani, ina adabu zake:
hubisha hodi.

Nikachopoa njiti.
Na sauti ikaja kutoka ukuta wa nyuma:
“We Thuwaini!
Thuwaini bin Khalfan! Usiwashe kitu!
Usiguse taa! Toka, toka nje, mwanangu!”

Bi Shinuna. Nani mwengine.
Bi Shinuna ambaye pua yake imo katika kila chungu cha mtaa,
ajuaye nani kanunua jodari na nani kakopa,
aliyenishitaki kwa mama, Mungu amrehemu,
eti moshi wangu unaingia kwenye nguo alizoanika.
Nilitaka kumjibu vibaya. Nakiri.
Njiti ilikuwa ubavuni mwa kibiriti,
imeegemea tu,
kama mtu aliyeegemea mlango usiokomewa.

Sijui nini kilinigeuza. Si busara.
Labda lile neno, mwanangu.
Hakuwahi kuniita hivyo.

Nje, miguu mitupu, saruji bado ina moto wa jana.
Nikamwona amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kanga ya kulalia, mtandio umemponyoka,
mkono mmoja kashika ukuta, wa pili kaziba pua.
“Gesi,” akasema. “Nyumba nzima inanuka gesi.
Wewe huna pua?”
Sina, nikamwambia. Nina mafua.

Shohidul wa mitungi alikuja saa mbili.
Akanionyesha mpira: umekakamaa kwa jua,
una ufa mdogo, alama ya ukucha.
Mpira mpya riyali moja na nusu.
Hapakuwa na ngurumo. Mbwa hawakubweka.
Saa yangu ya ukutani haikusita hata kidogo,
ilikwenda vile vile, dakika saba mbele ya watu.

Kuna jambo sikumwambia Bi Shinuna.
Katika sura ya tatu yumo ajuza mdaku
anayekufa kwa uji wenye sumu,
na uji ule niliuandika kwa raha,
niliutia hiliki.
Siku ile, mtandio umesharudi kichwani, aliniuliza:
“Na hayo maandishi yako yanahusu nini hasa?”
Mambo ya watu tu, nikasema.
“Watu gani?”
Watu wa mbali.

Alhamisi pua ikazibuka, ghafla, tundu moja.
Harufu ya kwanza kunifikia
ilikuwa kitunguu chake kinachoungua ng’ambo ya ukuta
(hukiunguza kila siku),
nikasimama na beseni la nguo mkononi
nikivuta pumzi kama mlafi.

Kibiriti kingali juu ya friji.
Asubuhi chetezo nakipeleka kwake, awashe yeye.
Anawasha,
huku analalamikia moshi.