Safu ya Saba

Mzani wa ghala letu hapa Mwakirunge huzidisha kilo mbili,
kila mtu ajua, hata serikali,
basi twazitoa kichwani, twaandika zilizobaki.
Mimi ndiye niandikaye.

Mwaka huu bei imevikwa kilemba.
Dalali akikupa arobaini na tano kwa kilo ya korosho,
serikali yaongeza kumi na tano juu,
ili mkulima asiuze jasho kwa bei ya maji.
Ndivyo isemavyo karatasi iliyobandikwa mlangoni,
ingawa mvua ya vuli imeshaila mistari ya mwisho
na hatujui tena iliahidi mpaka lini.

Fomu ina safu kumi na moja.
Jina. Kitambulisho. Kijiji. Jinsia. Zao. Kilo.
Safu ya saba: Nambari ya Hati ya Shamba.
Pesa hufuata hati, kama ndama afuatavyo kiwele.

Kadzo Ngumbao alishusha magunia manne
kutoka tuktuk ya mpwawe, akayafuta vumbi kwa leso.
Mia mbili na kumi na nne. Toa mbili.
"Hati?" nikauliza.
Akanitazama kama niliyemwomba
cheti cha kuzaliwa cha kuku wake.

"Ardhi ina mwenyewe," akasema. "Miti ni yangu.
Nyanya Mbodze aliipanda, akaigawa yungali hai:
kumi na saba kwa mamangu, tisa kwa mjomba,
na ule wa mpakani kwa yeyote atakayeshikwa na njaa.
Mwenye ardhi hajui hata ua la mkanju hunukaje.
Fomu yako yauliza udongo.
Mimi nimekuletea korosho."

Nikaandika: *miti kumi na saba*.
Kompyuta ikakataa. *Ingiza tarakimu.*
Nikafuta maneno, nikabakisha 17.
Ikatulia, kama mtoto aliyepewa titi.
Foleni ilikuwa imefika barabarani, nami sijala tangu alfajiri.
Mungu anisamehe,
nikabonyeza.

Pesa zilitoka kweli. Elfu tatu, mia moja na themanini.
Zikampita Kadzo mlangoni bila hodi,
zikavuka daraja la Nyali, zikashuka Kizingo,
hati nambari 17:
nyasi zilizokatwa sawasawa, mitungi miwili ya waridi,
na mstaafu wa bandari, Bwana Twahir Shebwana,
ambaye korosho aijua ya kikombe, iliyotiwa chumvi.

Akaja mwenyewe, viatu vyeupe ndani ya vumbi letu.
"Nani kanilipa ruzuku?
Nimepanga makontena miaka thelathini na mmoja,
naijua harufu ya mzigo usio wangu."
Akataka kuzirudisha.
Nikaitafuta safu.
Ya malipo ipo. Ya malalamiko ipo.
Ya dole gumba ipo, kwa wasiojua kuandika.
Ya kurudisha haimo.

Kadzo alikuwa kwenye benchi na gunia lake la mwisho.
Sikumtambulisha, aibu ilinifunga kinywa,
lakini alisikia kilo zake zikitajwa
akainuka, kama mtu aliyeitwa jina.

Wakahesabiana noti juu ya mzani,
kwani hatuna meza.
Mzani ukasoma kilo mbili.
Kadzo akacheka mpaka akashika mbavu,
na Bwana Twahir akacheka nusu, kwa adabu,
asijue ni nini.

Akapewa bibo jekundu, la kuondoa kiu.
Akaliuma kama aumavyo tofaha. Maji yakamruka kifuani,
shati la kitani, doa kubwa kama kiganja.
"Hutoka hili?"
"Lafue uwezavyo," Kadzo akasema, akifunga noti
kwenye pindo la leso, fundo mbili.
"Litatoka msimu ukiisha."
Kisha akanigeukia mimi:
"Na wewe, la kwako?"